Tuweke ngapi? Njia nne za kutunza hewa ya makumbusho

Makumbusho yakijengwa upya, au mitambo yake ya hewa ikichakaa, hufika siku mhandisi akauliza swali fupi: tuweke ngapi? Anataka namba mbili tu, ya joto na ya unyevu (yaani asilimia ya mvuke uliomo, kati ya ule ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba), azipachike kwenye mtambo aendelee na kazi nyingine. Mhifadhi aliyesoma zamani atamjibu palepale: nyuzi 20, unyevu asilimia 50, na visicheze zaidi ya tano juu na tano chini. Anayelipa bili ya umeme atakohoa. Mfadhili naye, siku hizi, ataulizia mpango wa kupunguza hewa ukaa kabla hajatia sahihi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya aliyekwama katikati ya watu hao. Njia zilizo mbele yake ni nne, na hakuna iliyo ya kijinga. Msimamo wangu niuseme mapema: namba si mahali pa kuanzia. Anayechagua njia anachagua hatari atakayokuwa analala nayo, na kasi ambayo uharibifu utakuja nayo siku mambo yakienda mrama.

## Maswali sita kabla ya namba

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale: inavitendea nini vitu, inakula nishati kiasi gani, inahitaji jengo la aina gani, inataka watu gani, makumbusho mengine yanayoazimisha vitu vyao kwa maonesho yataikubali, na umeme ukikatika kunatokea nini. Mawili ya kwanza yanahitaji maelezo kidogo.

Vitu. Hewa haidhuru kila kitu kwa namna moja. Mbao, ngozi, pembe za ndovu na gundi huvimba hewa ikijaa maji na hunywea ikikauka. Mara nyingi kinachoumia ni ile rangi au vinia (ubao mwembamba wa urembo) iliyobandikwa juu ya mbao, kwa kuwa haiwezi kuufuata mwendo wa mbao yenyewe. Kuvu huanza kuota unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, na penye vumbi au gundi ya asili hata chini kidogo ya hapo. Karatasi na filamu zina adui mwingine, kemia: kwa kanuni ya jumla, ukishusha joto kwa nyuzi 5, umri wa karatasi huongezeka karibu maradufu. Metali ni ukoo mwingine kabisa. Shaba nyeusi iliyochimbuliwa ardhini ikiwa na kloridi (chumvi) ndani yake huanza kutoa unga wa kijani unyevu ukipita asilimia 42 hivi, na chuma cha namna hiyo kinataka kukaa chini ya 20. Meli ya chuma ya SS Great Britain, kule Bristol, imezungushiwa paa la kioo usawa wa maji, na hewa iliyo chini ya kioo hicho hukaushwa hadi karibu asilimia 20 ili ubavu wa meli usiendelee kuliwa na kutu.

Kwa hiyo "asilimia 50 kwa wote" tayari ni maafikiano. Kila kitu ndani ya jengo kimeachia kidogo.

Nishati. Watu husikia kwamba kiyoyozi kinakula umeme, lakini ni wachache wanaokaa wakafanya hesabu ya maji. Chukua hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70. Unataka ndani iwe nyuzi 20 na asilimia 50. Kuipoza hadi 20 hakutoshi, kwa sababu itabaki imelowa. Lazima uipoze hadi karibu nyuzi 9 ndipo maji ya ziada yadondoke, halafu uipashe tena irudi 20. Unalipia baridi, kisha unalipia joto la kuifuta baridi ileile. Kila kilo ya hewa hiyo itakuwa imetolewa maji gramu 11 na nusu hivi. Sasa kubali nyuzi 24 na asilimia 60. Kupoza kunaishia karibu nyuzi 16, na maji ya kutoa yanashuka hadi gramu 7 na nusu hivi. Theluthi ya kazi ya kukausha imeondoka na hakuna mtambo mpya ulionunuliwa.

Penye baridi hesabu inageuka. Hewa ya nje ya nyuzi 0 na unyevu wa 80, ukiipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unaanguka hadi asilimia 21. Hapo utalipia mvuke.

Juu ya umeme kuna gesi ya kupozea. R-410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi, ikivuja hupasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Gesi za jamii hiyo ndizo zilizolengwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Basi mtambo mkubwa unaovuja una madhara hata kama umeme wake unatoka kwenye jua.

Mwanga nimeuacha nje kwa makusudi. Taa za LED na mipaka ya kawaida, kama luksi 50 kwa karatasi na nguo, ni uamuzi mwepesi na haugongani na njia yoyote hapa.

## Kamba fupi: 50, tano juu tano chini

Njia hii ina historia ya kuheshimiwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, picha za National Gallery ya London zilihamishiwa ndani ya machimbo ya mawe ya Manod, kaskazini mwa Wales, zikawekwa kwenye vyumba ambamo joto na unyevu vilitulia. Waliozitunza wakaona kwamba kazi ya kurudishia rangi iliyobanduka imepungua mno. Vita vikaisha, picha zikarudi London, rangi ikaanza kubanduka tena. Aliyeona hayo kwa macho yake huwezi kumwambia kuwa utulivu wa hewa si kitu.

Mwaka 1978 Garry Thomson, mshauri wa sayansi wa jumba hilohilo, alitoa mwongozo uliokuja kuenea duniani kote: unyevu wa asilimia 50 au 55, ukicheza tano kila upande, kwa makumbusho makubwa. Kinachosahaulika ni kwamba Thomson mwenyewe alikiri kwa maandishi kuwa ile tano ilitokana zaidi na kile ambacho mitambo inaweza kufikia kuliko ujuzi wa kina wa madhara ya mabadiliko madogo. Wengine wakainakili kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, wakaivalisha majengo ya kila aina ya hali ya hewa. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Vitu. Kwa picha zilizochorwa juu ya mbao, samani zenye vinia na vitu vilivyounganishwa kwa malighafi nyingi tofauti, hii ndiyo kinga pana kuliko zote dhidi ya nyufa. Kwa chuma cha kuchimbuliwa haitoshi. Kwa karatasi na filamu, nyuzi 20 ni joto la starehe ya wageni na halirefushi maisha ya karatasi.

Nishati. Ghali kuliko zote nne, usiku na mchana. Namba ikibana sana, mitambo ya kukausha na ya kuongeza unyevu huweza kupokezana siku nzima, mmoja ukifuta kazi ya mwenzake.

Jengo. Linatakiwa kuwa jipya au lililofungwa vizuri, lenye kuta zilizohamiwa, yaani zilizowekewa tabaka la kuzuia joto lisipite. Jengo la kale lililo penye baridi likilazimishwa kushika asilimia 50 majira ya baridi, mvuke hupenya kutani, ukakutana na upande wa nje ulio baridi, ukageuka maji au barafu. Picha inapona, ukuta ulioibeba unaoza.

Watu. Fundi wa kudumu, vihisi vinavyosahihishwa kwa ratiba, vipuri, na mkataba wa matengenezo usiosinyaa bajeti ikisinyaa.

Uazimaji. Hapa haina mpinzani. Ukionesha grafu iliyonyooka, mwenye kitu na kampuni ya bima hawana swali.

Umeme ukikatika. Swali hili huulizwa mara chache, na kwangu ndilo zito kuliko mengine. Ile hewa ya nje ya nyuzi 30 na unyevu wa 70 hutoa umande ikigusa chochote chenye nyuzi 24 au chini. Jengo lililopozwa hadi 20 mitambo ikizimika, kuta na vitu vyote ndani yake viko chini ya hapo. Hewa ya nje ikiingia kwa mlango na nyufa za madirisha, unyevu unaosimama jirani na ukuta unakaribia 100. Kamba fupi ikikatika hukatika ghafla, na kitu kilichotunzwa kama yai ndicho kinachopokea pigo kubwa kuliko vyote.

Inamfaa mwenye jengo la kisasa, umeme wa uhakika na akiba yake, anayepokea kazi za kuazima mwaka mzima. Na hata huyo, ningemshauri aifungie kwenye kumbi mbili tatu badala ya jengo zima.

## Kamba ndefu: 40 hadi 60, nyuzi 16 hadi 25

Miaka ya 1990 watafiti wa Smithsonian, Marion Mecklenburg akiwa mmoja wao, walivuta na kubana mbao, gundi na tabaka za rangi maabara, wakahitimisha kwamba malighafi nyingi hustahimili mabadiliko yaliyo katikati ya kipimo, takriban asilimia 35 hadi 65, bila kupata ufa mpya. Ubishi ulikuwa mkali. Waliopinga, baadhi yao wahifadhi wa Munich, walikuwa na hoja: kipande cha maabara ni kipya na kizima, wakati picha ya miaka 400 ina majeraha, viraka na gundi za mafundi wengi. Hoja hiyo haijafa, na sioni sababu ya kuiua. Inaeleza vizuri kwa nini mipaka mipana ni kwa vitu vingi, si kwa kila kitu.

Hata hivyo upepo uligeuka. Kundi la Bizot, linalowakutanisha wakuu wa majumba makubwa ya maonesho, lilikubaliana juu ya asilimia 40 hadi 60 na nyuzi 16 hadi 25, na unyevu usiyumbe zaidi ya kumi ndani ya saa 24. Mwaka 2014 vyama viwili vya kimataifa vya wahifadhi, IIC na ICOM-CC, vikatoa tamko la pamoja likisema viwango viendane na hali ya hewa ya mahali na kwamba uendelevu si jambo la pembeni. Wahandisi wa Marekani kupitia ASHRAE, chama chao cha mitambo ya hewa, walikuwa wameshapanga madaraja tangu mwaka 1999: kuanzia AA lililo kali, hadi C linaloruhusu asilimia 25 hadi 75, na D linalosema tu usizidi 75. Kwa hiyo urefu wa kamba hauna budi kuchaguliwa. Si lazima iwe ya Bizot.

Vitu. Picha za turubai, samani za kawaida, vyungu, vitu vya mawe na sehemu kubwa ya makusanyo ya utamaduni hukaa salama. Vilivyo dhaifu, kama mbao zilizopakwa rangi na kupinda tayari au kioo cha zamani kinachooza chenyewe na kutokwa jasho, hutengwa na kupewa masharti yao. Mipaka mipana bila orodha ya vitu dhaifu ni uzembe uliovalishwa joho la kijani.

Nishati. Hesabu ya gramu nilizotaja ndiyo faida yake. Kuna ya ziada: ukiruhusu hewa itembee kidogo, unaweza kuzima mitambo usiku. Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, imefanya kazi nyingi kwenye ghala za maktaba na nyaraka, ikaonesha kwamba kuzima kwa saa chache usiku mara nyingi hakubadilishi sana hali ya ndani, kwa kuwa karatasi, maboksi na kuta vyenyewe hushika unyevu.

Jengo. Haichagui sana. Jengo la wastani lenye madirisha yanayofungika linatosha.

Watu. Fundi yuleyule, pamoja na mhifadhi anayevijua vitu vyake kimoja kimoja. Kazi inahama kutoka chumba cha mitambo kuja kwenye meza ya orodha.

Uazimaji. Kinadharia inakubalika pote. Kwa vitendo, si ajabu taasisi iliyosifia mipaka mipana hadharani kukutumia fomu ya mkopo iliyoandikwa 50, tano juu tano chini, kwa sababu hakuna aliyeibadilisha. Uliza mapema. Jibu mara nyingi ni "kwa kitu hiki 40 hadi 60 inatosha," lakini halitoki mpaka uulize.

Umeme ukikatika. Anguko ni fupi zaidi. Chumba kilichokuwa nyuzi 24 na asilimia 58 hakiko mbali sana na nje.

Inamfaa makumbusho ya mkusanyiko mchanganyiko, yenye mitambo tayari, yanayotaka kupunguza bili bila kubomoa ukuta. Ndiyo badiliko la bei nafuu kuliko yote, maana unaanza kwa kubadili namba.

## Mazoea: kitu kibaki katika hewa iliyokilea

Kiwango cha Ulaya EN 15757 cha mwaka 2010 kinaanza kwa swali ambalo bibi yeyote angeliuliza: huyu amezoea nini? Unapima unyevu kwa angalau mwaka mzima. Unakokotoa wastani wa siku 30 unaosogea pamoja na kalenda, halafu unatazama hewa inavyopanda na kushuka kuuzunguka wastani huo. Asilimia 7 ya mienendo mikubwa kabisa kila upande inakatwa, na iliyobaki ndiyo inakuwa mipaka. Ikiwa hewa haiyumbi zaidi ya asilimia 10 kutoka kwenye wastani, inahesabiwa kuwa salama.

Nyuma yake kuna fikra inayohusishwa na Stefan Michalski wa Canadian Conservation Institute: kitu kilichowahi kupitia myumbo mkubwa kikapasuka kwa kadiri kilivyotaka kupasuka, hakitaongeza ufa kwa myumbo wa ukubwa huo au mdogo zaidi. Ufa wa zamani umegeuka kiungo cha kujongea. Ila kikitengenezwa, nyufa zikajazwa gundi, kumbukumbu hiyo inafutika na kitu kinarudi kuwa kichanga.

Vitu. Inahusu vya asili ya mimea na wanyama vinavyovimba na kunywea, na madhara ya nyufa peke yake. Kuhusu kuvu, kutu na kuzeeka kwa karatasi haisemi kitu, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ghala lililozoea asilimia 78 halina mazoea ya kulindwa. Linaliwa na kuvu polepole.

Lakini pale inapofaa, inafaa kuliko njia nyingine yoyote. Kanisa la Rocca Pietore, kwenye Alpi za Italia, lina altare ya mbao iliyopakwa rangi. Watafiti walipofuatilia hewa yake walikuta mfumo wa kupuliza hewa moto, uliowekwa ili waumini wasigandiane kwa baridi wakati wa ibada, unaangusha unyevu kwa ghafla kila unapowashwa, na mbao inanywea upande wa nje kabla ya ndani. Altare ilikuwa imestahimili karne za baridi ya milimani. Lililoisumbua ni kupashwa joto kwa saa chache.

Nishati. Ndogo, na mara nyingine kipunguzo kikubwa hupatikana kwa kuzima kitu badala ya kununua kipya.

Jengo. Kanisa, msikiti, ngome, nyumba ya kihistoria: majengo ambayo hayawezi kubeba mabomba ya hewa yanapumua na njia hii.

Watu. Hapa ndipo gharama ilikojificha. Data ya mwaka mzima isiyo na mapengo, mtu wa kuichambua, na jicho la mhifadhi anayeweza kusema kama kitu kiko salama au kinaharibika taratibu.

Uazimaji. Dhaifu. Sanamu ya mbao iliyolelewa kwenye asilimia 65 ukiipeleka kwenye ukumbi wa asilimia 45 wenye sifa zote za kisasa, inaweza kupasuka ikiwa ndani ya kiwango "kizuri". Isafiri ndani ya kasha lenye hewa yake, au isisafiri.

Umeme ukikatika. Hakuna cha kukatika.

Inamfaa anayetunza vitu ambavyo havijahama vizazi kadhaa na ambavyo, kwa ushahidi wa macho, viko imara.

## Kuta na makabati: mtambo uwe wa mwisho

Njia ya nne inauliza kwa nini tunapoza mita za ujazo maelfu ili kulinda kitu kinachoenea kwenye sanduku. Ina ngazi mbili.

Ya kwanza ni jengo tulivu. Ghala la pamoja la makumbusho huko Vejle, Denmark, lina kuta na paa vilivyohamiwa kwa unene, lakini sakafu imeachwa bila kuhamiwa makusudi, ili ardhi iliyo chini ipokee joto la kiangazi na kulirudisha majira ya baridi. Hakuna anayepasha. Joto hutembea polepole na majira, takriban kati ya nyuzi 8 na 16, na kinachowashwa ni mashine ndogo ya kukausha hewa. Kwa karatasi, ubaridi huo ni zawadi. Mjini Köln, ghala la nyaraka la mwaka 1971 lilitegemea kuta nene za matofali na upitishaji hewa wa busara, likaigwa na wengine. Tarehe 3 Machi 2009 liliporomoka wakati reli ya chini ya ardhi inajengwa mbele yake, na watu wawili wa nyumba za jirani wakafa. Fizikia ya kuta zile haikuwa na kosa. Hatari zote hazikai kwenye grafu ya unyevu.

Ya pili ni kabati la kioo lisilopitisha hewa, lenye silika jeli, chembe zinazonyonya na kuachia unyevu, chini yake. Kanuni ya zamani ya Thomson ni kilo 20 za silika jeli kwa kila mita ya ujazo, na kabati likiwa limefungwa vizuri kweli unaweza kupunguza. Vitu vitatu vinavyogombana, shaba yenye kloridi, ngozi na chuma, vinaweza kukaa ukumbi mmoja, kila kimoja na hewa yake.

Vitu. Kwa metali na vitu dhaifu vichache hakuna njia bora. Ila kabati lililoziba linaziba na sumu ndani. Mbao za mwaloni na mbao za kubandika hutoa asidi zinazokula metali ya risasi na kuunguza chokaa ya kombe. Ndiyo maana malighafi za kabati hupitishwa kwenye jaribio la Oddy, lililoanzia British Museum mwaka 1973: vipande vya risasi, fedha na shaba huwekwa pamoja na malighafi hiyo kwenye nyuzi 60 kwa siku 28, halafu unatazama kilichochafuka.

Nishati. Ndogo kuliko zote ukishajenga. Kujenga kwenyewe si bure, na saruji ina hewa ukaa yake, kwa hiyo kubomoa jengo zima ili ujenge "la kijani" ni hesabu ya kufanywa kwa uangalifu.

Jengo. Jengo tulivu la aina ya Denmark linadai ardhi iliyo baridi. Penye joto na unyevu mwaka mzima mbinu hubadilika: Getty Conservation Institute, kupitia kazi za Shin Maekawa, ilijaribu mifumo ya kupitisha na kukausha hewa badala ya kiyoyozi cha kawaida, ikiwemo kwenye maktaba ya Casa de Rui Barbosa mjini Rio de Janeiro. Joto linaachwa liwe juu, nguvu inaelekezwa kwenye unyevu usifike kiwango cha kuvu.

Watu. Kabati linataka mtu wa kubadili silika jeli kwa ratiba. Likisahauliwa mwaka, ni kioo tu.

Uazimaji. Kabati lenye rekodi zake mara nyingi hukubalika hata kama ukumbi haukubaliki. Picha iliyofungwa ndani ya fremu yenye kioo na mgongo nayo vilevile.

Umeme ukikatika. Kabati zuri halijui hata kama umeme umekatika. Kwangu hii ndiyo sifa yake kuu, kuliko bili.

Inamfaa mwenye vitu vichache dhaifu ndani ya mkusanyiko mkubwa ulio imara, na anayejenga ghala jipya.

## Kutegemea ulipo

Ukiwa na mitambo inayofanya kazi na mkusanyiko mchanganyiko, anza na kamba ndefu. Tenga vitu dhaifu kwanza, ndipo ulegeze namba, hatua moja kwa msimu, huku ukivitazama. Kuruka kutoka 50 hadi 60 ndani ya wiki moja kunavuruga kilekile unachotaka kukilinda.

Kama maonesho ya kuazima ndiyo uhai wako, weka kamba fupi kwenye ukumbi wa wageni tu, na kabla ya kununua mtambo mkubwa zaidi waulize wanaoazimisha kama kabati litawatosha. Makabati mawili ni nafuu kuliko boila.

Mwenye nyumba ya kihistoria ambayo vitu vyake havijawahi kutoka humo aende na mazoea, isipokuwa rekodi zikionesha unyevu unakaa juu ya 70. Hapo suala la kuvu linatangulia kila kitu. Kupasha kidogo kunakoongozwa na kihisi cha unyevu badala ya kipimajoto, kama National Trust ya Uingereza inavyofanya katika nyumba zake nyingi, huweza kutosha.

Anayehifadhi karatasi, picha za kamera na filamu asidanganywe na mjadala wa tano au kumi. Kwake joto ndilo linaloamua. Filamu za asetati zinazonuka siki hazitaokolewa na unyevu uliotulia kwenye nyuzi 22. Zinataka chumba cha baridi, hata kiwe kidogo.

Umeme wako ukiwa wa kukatikakatika, usipoze chini ya unachoweza kukishika usiku kucha. Weka nyuzi 25 au 26 zenye hewa kavu kidogo, na silika jeli kwa vichache vinavyohitaji.

Na kama huna rekodi zozote, usichague bado. Weka vihisi vichache vilivyosahihishwa, kimoja kikae nyuma ya kabati linalogusa ukuta wa nje, uviache mwaka mmoja. Wakati unangoja, kagua paa, mifereji ya mvua na milango isiyofungika vizuri, kwa sababu hivyo utavitengeneza tu, uchague njia yoyote kati ya hizi nne.